Vickers Vimy ya plastiki, kipimo cha 1 kwa 72: tathmini baada ya miezi minne mezani

Nilikinunua kisanduku hiki cha vipande vya kuunga ndege ndogo ya mfano mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na hewa ikiwa kavu kiasi, nikakimaliza mwezi wa Mei baada ya mvua za masika kuniharibia rangi mara mbili. Nayataja majira mapema kwa sababu mnunuzi wa Mombasa atakayefuata karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi atapata tabu ambazo mwandishi wa karatasi hiyo hakuwahi kuziota. Kisanduku nilikiagiza kutoka ng'ambo, kikanigharimu shilingi 5,200 pamoja na usafirishaji, na kilifika kikiwa kimebonyea pembe moja, ingawa vipande vya ndani vilikuwa salama isipokuwa nguzo moja ya bawa iliyokatika katikati.

Kwa asiyeifahamu, Vimy ilikuwa ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu, yenye injini mbili na mabawa ya ghorofa mbili, iliyosanifiwa na Rex Pierson wa kampuni ya Vickers mwaka 1917 na kuruka kwa mara ya kwanza tarehe 30 Novemba mwaka huohuo. Ilikusudiwa kuruka usiku na kuipiga miji ya Ujerumani, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilikwisha kabla haijapata nafasi ya kuifanya kazi hiyo, na kwa hiyo utumishi wake ukaangukia katika miaka iliyo baina ya vita viwili vikuu. Jeshi la Anga la Uingereza liliitumia nyumbani na huko Misri mpaka ndege mpya ya kampuni hiyohiyo, iliyoitwa Virginia, ilipoanza kuchukua nafasi yake katikati ya miaka ya 1920. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 20.75 hivi, urefu wake ulikuwa mita 13 na ushei, injini zake mbili za Rolls-Royce Eagle VIII zilitoa nguvu za farasi 360 kila moja, na mwendo wake wa juu ulikuwa kilomita 160 hivi kwa saa, mwendo ambao baadhi ya madereva wa njia ya Malindi wangeuona wa kawaida.

Ikipunguzwa mara 72, ndege hii inapata upana wa sentimita 29 kasoro kidogo na urefu wa sentimita 18, kipimo kinachofaa sana kwa nyumba zetu za Mji wa Kale ambamo rafu ni chache na vumbi ni jingi. Ndani ya kisanduku mna fremu nne za plastiki ya kijivu zinazoshikilia vipande, fremu moja ndogo ya plastiki angavu ambayo karibu haina kazi kwa kuwa marubani wa Vimy walikaa wazi wakipigwa na upepo, karatasi ya stika za maji, yaani zile zinazolowekwa ndipo zibandikwe, na kijitabu cha maelekezo cha kurasa nane. Kalibu zilizotumika ni za zamani, na uzee wake unaonekana pale plastiki ilipovuja na kutambaa pembezoni mwa vipande, hasa kwenye nguzo nyembamba, kiasi kwamba nilitumia jioni tatu nzima kukwangua kwa wembe na msasa kabla ya kuunga hata kipande kimoja. Sikulalamika, kwa kuwa kazi hiyo humpa mtu nafasi ya kuvizoea vipande na kujua kipi ni kipi, jambo ambalo baadaye lilinifaa zaidi kuliko kijitabu.

Kiwiliwili kimeundwa kwa nusu mbili zinazokutana vizuri kuanzia mkiani hadi usawa wa mabawa, kisha zinaachana mbele ya kiti cha rubani na kubakiza ufa unaoweza kupitisha ukucha. Ilinibidi niutie kalafati kwa puti ya mafundi wa magari, nikasubiri siku mbili, nikapiga msasa, nikarudia. Jambo la kusifiwa ni kwamba aliyechonga kalibu aliijua ndege yenyewe: mgongoni kwa nyuma umbo la kitambaa kilichovutwa juu ya fremu ya mbao linaonekana dhahiri, na mbele, ambako ndege halisi ilikuwa na mabomba ya chuma, uso ni laini zaidi. Nafasi ya mpiga bunduki wa puani, kiti cha rubani na nafasi ya mpiga bunduki wa nyuma ya mabawa vyote viko mahali pake. Bunduki zenyewe, kwa bahati mbaya, ni nene kama michi ya kutwangia, nami nilizitupa nikatengeneza nyingine kwa sindano za kushonea zilizokatwa kwa koleo.

Injini ndizo sehemu bora ya kisanduku kizima. Eagle VIII ilikuwa injini ya silinda 12 zilizopangwa kwa safu mbili kama herufi ya V, iliyopozwa kwa maji, na kila injini ya Vimy ilining'inia baina ya bawa la juu na la chini juu ya nguzo zake, rejeta ikiwa mbele na rafadha ya mapanga manne mbele ya rejeta. Kiwanda kimeyatoa hayo yote kwa ukubwa usiozidi kokwa ya embe, na mistari ya rejeta ni myembamba hata rangi nyeusi iliyochanganywa na mafuta ya taa ikipita juu yake hujikusanya yenyewe kwenye mifereji na kuonyesha kina. Nilipozimaliza injini zote mbili niliziweka juu ya kitambaa cheupe nikazitazama kwa muda mrefu kuliko inavyomstahili mtu wa umri wangu.

Sasa tuje kwenye mabawa, ambako kisanduku hiki hujitenga na wanunuzi wake. Ndege yenye mabawa ya ghorofa mbili si vipande viwili vilivyowekwa kimoja juu ya kingine; ni sanduku moja lililosukwa kwa nguzo na waya, na nguvu yake yote imo katika msuko huo. Katika kisanduku hiki matundu ya kuingizia nguzo ni ya kina kifupi mno, bawa la juu lilikuja likiwa limepinda kama ubao ulioachwa juani, na kijitabu kinamtaka mjenzi agundishe nguzo zote kwenye bawa la chini kwa pamoja kisha alishushe bawa la juu juu yake kwa mkupuo mmoja. Anayetii agizo hilo atakuwa na nguzo zaidi ya dazeni zikielekea kila upande kama miguu ya kaa, gundi ikikauka kabla hajazipanga. Mara ya kwanza nilitii. Mara ya pili nililoweka bawa la juu katika maji ya moto, nikalinyoosha juu ya kioo kwa vitabu vizito usiku kucha, kisha nikatengeneza fremu ya kadibodi ya kuyashikilia mabawa yote mawili katika umbali unaotakiwa, nikaanza na nguzo za kati pamoja na injini zake, nikaziacha zikauke siku nzima, ndipo nikatoka kuelekea ncha kwa jozi mojamoja. Mjenzi afanye hivyo tangu mwanzo.

Katika hatua hiyo alikuja kunitembelea mzee jirani yetu, ambaye ujana wake wote aliunda mashua, na mtoto wa ndugu yangu mwenye umri wa miaka 14 alikuwepo akinisaidia kushika kibano. Kijana aliniuliza, "Ami, waya zote hizi za nini, na ndege imeshasimama?" Kabla sijajibu mzee alimwambia aitazame kama anavyotazama jahazi: mlingoti peke yake ni gogo tu, na foromali peke yake ni fito, kinachovifanya vibebe tanga na upepo wake ni kamba zinazovutana pande zote mbili. Aliposikia kwamba ndani ya kitambaa cha bawa mna mbavu za mbao alicheka akasema basi hayo ni mataruma, na kwamba angepewa mbao nzuri na kitambaa angeliunda bawa hilo bila kijitabu. Sikumpinga. Na kuhusu waya alikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa katika ndege za namna hii kuna kundi moja la waya linaloyazuia mabawa yasikunjike kwenda juu wakati hewa inapoyainua, na kundi jingine linalokwenda kinyume chake, linaloyabeba mabawa yasilegee kwenda chini wakati ndege imesimama ardhini. Likikatika kundi moja, lile jingine haliwezi kuifanya kazi ya mwenzake.

Kiwanda hakitoi waya wala uzi wowote. Kinatoa mchoro mmoja wa mistari, mdogo kiasi kwamba niliukuza kwenye duka la fotokopi mara tatu ndipo nikaona mstari upi unapita mbele ya nguzo na upi unapita nyuma. Nilitumia mshipi wa kuvulia, ule mwembamba kabisa unaouzwa kwa wavuvi wa dagaa, nikatoboa matundu kwa sindano iliyopashwa moto, nikapitisha na kugundisha kwa gundi kali inayokauka papo hapo. Penye kulegea nilisogeza kijiti cha udi kinachowaka, bila kugusa, na mshipi ukajikaza wenyewe kwa joto. Nyumba ilinukia kama ya harusi kwa wiki mbili. Mshipi mmoja niliusogelea mno ukakatika, nikalazimika kuanza upya upande mzima wa kushoto, na hilo ni kosa langu, si la kiwanda. Lakini mtu anayelipa shilingi 5,200 ana haki ya kupewa mchoro unaosomeka.

Kuhusu rangi nitasema machache. Ndege za usiku zilipakwa kijani kilichokolea kinachokaribia kahawia, na hakuna rangi ya namna hiyo iliyochanganywa tayari katika maduka ya mjini niliyoyatembelea, kwa hiyo nilichanganya mwenyewe. Rangi ya mafuta niliyoipaka siku ya mvua mwezi wa Aprili ilifanya ukungu mweupe juu ya uso wote, kwa kuwa unyevu wa hewa ulinaswa ndani yake ilipokuwa ikikauka, na chumvi ya bahari haikosi kusaidia uharibifu huo. Baada ya kuharibu mara mbili nilihamia rangi ya maji, nikapaka tabaka nyembamba saa za adhuhuri, nikafunika kwa beseni lililoinuliwa kidogo kwa vijiti ili hewa ipite na vumbi lisiingie.

Stika za maji ndizo zilizonifanya niandike tathmini hii badala ya kunyamaza. Kisanduku kinatoa chaguo mbili tu. Ya kwanza ni ndege ya kawaida ya Jeshi la Anga la Uingereza, yenye duara zake za bluu, nyeupe na nyekundu. Ya pili ni ile ya John Alcock na Arthur Whitten Brown, ambao tarehe 14 na 15 Juni 1919 waliivuka bahari ya Atlantiki bila kutua, kutoka St John's huko Newfoundland hadi karibu na Clifden nchini Ayalandi, safari ya kilomita 3,000 na ushei iliyochukua muda usiofika saa 16 na iliyoishia kwa pua ya ndege kuzama katika bwawa la matope walilolidhania kuwa uwanja wa majani. Ndege yao imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sayansi jijini London, na ni haki wapewe nafasi. Hata ile ya akina Ross na Keith Smith, iliyotoka Uingereza tarehe 12 Novemba 1919 na kufika Australia tarehe 10 Desemba, imetajwa kwa mstari mmoja katika kijitabu, ingawa stika zake hazimo. Kwa Afrika hakuna hata neno.

Nalo ni pengo kubwa, kwa sababu safari ya tatu ya Vimy ilipita kwetu. Tarehe 4 Februari 1920 Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, marubani wa Afrika Kusini, waliondoka Brooklands nchini Uingereza katika Vimy waliyoiita Silver Queen, yenye namba ya usajili G-UABA, wakielekea Cape Town. Ndege hiyo ilianguka usiku karibu na Korosko, katika bonde la mto Nile, wao wakanusurika. Jeshi la Anga liliwapa Vimy nyingine kutoka akiba yake ya Misri, wakaendelea kupitia Khartoum na Mongalla hadi Kisumu, kisha kusini hadi Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia, na Livingstone, mpaka Bulawayo. Huko, tarehe 6 Machi, ndege ya pili ilishindwa kupanda baada ya kuacha ardhi ikaanguka na kuharibika kabisa. Walimalizia safari kwa ndege ndogo ya kijeshi ya aina ya DH.9, wakaingia Cape Town tarehe 20 Machi. Siku chache kabla ya ajali ya Bulawayo, Vimy nyingine ya kiraia, iliyogharimiwa na gazeti la The Times, ilikuwa imemalizia safari yake Tabora kwa namna hiyohiyo, wakati wa kuruka.

Nilipokuwa nikizipanga injini zangu ndogo nililielewa jambo ambalo kusoma peke yake hakukunielewesha. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Tabora iko karibu mita 1,200, Bulawayo inapita 1,300. Hewa ya juu ni nyepesi, na ikipata joto la mchana wa kitropiki inakuwa nyepesi zaidi. Injini inavuta hewa pungufu na kupoteza nguvu, rafadha inauma hewa pungufu, bawa linainuliwa kwa nguvu pungufu, na maji ya rejeta yanachemka mapema. Ndege iliyotosha kubeba mafuta ya kuivuka Atlantiki kutoka ufukweni ikawa nzito kwa kiwanja kifupi cha bara. Viwanja vyenyewe vilikuwa vimesafishwa mwaka uliotangulia na vikundi vya wapimaji vya Jeshi la Anga, kwa kufyeka miti na kubomoa vichuguu vya mchwa, na anayejua ugumu wa kichuguu cha kusini mwa Ziwa Tanganyika ajue kwamba kazi hiyo haikufanywa na marubani. Laiti njia ingepita pwani, ndege hizo zingeruka kutoka usawa wa bahari. Lakini waliopanga njia walifuata Nile na maziwa, na Mombasa ikapitwa.

Kwa hiyo kiwanda kingeongeza mstari mmoja tu wa herufi katika karatasi ya stika, mnunuzi wa Afrika Mashariki angepata ndege ya safari iliyopita nchini mwake. Gharama yake ni wino. Nimeona ni afadhali kulisema hili kuliko kulalamikia ukosefu wa mabomu, ingawa nalo ni la kushangaza: ndege halisi iliweza kubeba mabomu ya uzito wa kilo 1,100 hivi, na kisanduku cha ndege ya mabomu hakina bomu hata moja, bali vishikio vyake vitupu chini ya bawa la chini. Kijana alipendekeza tutumie punje za mchele wa pishori zilizopakwa rangi nyeusi. Tulijaribu, na kwa umbali wa mkono zinadanganya vizuri.

Stika zenyewe zimechapishwa kwa rangi sahihi, duara zake hazikutoka nje ya mistari, lakini utando wake una umanjano kidogo na ni mgumu. Zilikubali kulala juu ya mataruma ya bawa baada tu ya kuzipaka siki iliyochanganywa na maji na kuzibonyeza kwa pamba mara kadhaa. Moja ilipasuka. Karatasi ya akiba haimo.

Je, kinastahili bei yake? Kwa aliyewahi kujenga ndege tatu au nne za bawa moja, na aliye na subira ya jioni nyingi, jibu langu ni ndiyo, kwa sababu umbo ni sahihi, injini ni nzuri mno, na mkia wenye mabawa mawili na sukani mbili unaungana bila ugomvi. Kwa mtoto anayeanza, hapana. Atakata tamaa kwenye nguzo, na mzazi atakuwa ametupa fedha ambazo zingenunua visanduku viwili vyepesi. Atakayekinunua aongeze katika hesabu yake shilingi 1,000 au zaidi za gundi, puti, msasa na mshipi, na asiamini picha ya juu ya kisanduku inayoonyesha waya zote zikiwa zimekazwa, kwa kuwa hazimo ndani.

Yangu imesimama juu ya kabati la vyombo, mbali na dirisha linalotazama bahari, chini ya kipande cha leso ninachokiondoa wageni wakija. Kisanduku cha pili kimekwisha kufika. Kijana ameziandika herufi za G-UABA kwa mkono juu ya karatasi tupu ya stika, tumekubaliana kwamba safari hii yeye ndiye atakayeunga nguzo, na hatutakifungua mpaka kaskazi ianze tena.